Msamba Wake Ulitikisa Mitandao, Paja Likamsaliti

Kama ni mtu wa kupitapita mitandaoni usiku usingizi ukigoma, video ya aina hii umeshakutana nayo. Kijana mwembamba, fulana nyeupe, viatu vya matairi manne yaliyopangwa mstari mmoja, anashuka kwenye lami kwa kasi. Mbele yake wenzake wawili wameshika kamba chini kabisa, usawa wa goti. Unasema huyu sasa anaanguka. Wapi! Anafungua miguu, inafunguka, inafunguka, mpaka anakaa msamba kamili matairi yakiwa bado yanazunguka. Anapita chini ya kamba, anainuka upande wa pili, anatengeneza kofia.

Watu walichanganyikiwa. Mmoja akaandika huyu hana mifupa, ana mlenda. Mwingine akasema mama yake lazima alimlea kwa mafuta ya nazi kuanzia siku ya kwanza. Wadada ndio usiseme.

Jina lake kapuni, maana mwenyewe kwa sasa hataki kiki. Ila kwao ni Nangurukuru, wilaya ya Kilwa, pale njia panda ambapo mabasi ya Kusini yote lazima yapite. Njia moja inaenda Kilwa Masoko, nyingine inaendelea Lindi na Mtwara, nyingine inaingia bara kuelekea Liwale. Mama yake alimsomesha kwa kuuza korosho kwenye madirisha ya mabasi. Basi likisimama dakika tatu, ndani ya dakika hizo tatu mama anatakiwa awe ameuza, amepokea hela na amerudisha chenji. Kijana anasema mbio alijifunza kwa mama yake, matairi yalikuja baadaye.

Viatu vyenyewe vya kwanza vilitoka kwenye mitumba, vikubwa kwa namba mbili, kimoja kikiwa hakina tairi la nyuma. Alijifunzia kwenye baraza ya saruji ya duka la jirani, kwa sababu barabara kuu ina malori ya saruji kutoka Mtwara na mama alishaapa kwamba siku akimwona kule na vile viatu, atavichoma moto. Kuhusu nyonga hakuna aliyeshangaa. Kusini ni nyumbani kwa sindimba, ngoma ambayo nyonga ndiyo inayoongea, na mtoto anaanza kuiga kabla hajajua kuvaa viatu. Wazee wakawa wanamwangalia na kusema samaki mkunje angali mbichi.

Alipofika Dar akakuta wenzake. Jumapili asubuhi kwenye maegesho ya magari yaliyo tupu, vijana kama kumi na tano hivi, viatu vya matairi, fimbo za kuchonga wenyewe na mpira wa tenisi uliochakaa. Magoli ni makreti ya soda. Wanacheza hoki.

Ndiyo, hoki. Ukicheka utakuwa umechelewa. Viatu vya namna hii vyenyewe vilipata umaarufu kupitia hoki: mwaka 1980 huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Olson walivitengeneza upya ili wachezaji wa hoki ya barafu wapate pa kufanyia mazoezi wakati wa kiangazi, barafu ikiwa imeyeyuka. Ndipo kampuni ya Rollerblade ilipozaliwa. Baadaye mchezo ukasimama kwa miguu yake, wachezaji wanne na kipa kwa kila upande, hadi mashindano ya dunia.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Vuka mto Ruvuma, uko Msumbiji, ambako wanacheza hoki ya viatu vya matairi ya mtindo wa zamani, mawili mbele na mawili nyuma. Mwaka 2011 kwenye Kombe la Dunia kule San Juan, Argentina, Msumbiji ilimaliza nafasi ya nne duniani, nyuma ya Hispania, Argentina na Ureno. Ya nne! Jirani yetu kabisa huyo, unavuka tu Daraja la Umoja. Nairobi nako, Panari Hotel iliweka uwanja wa barafu mwaka 2005, watoto wa mjini wakaunda timu inayoitwa Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Yote hayo kijana wa Nangurukuru aliyaweka kichwani. Kwake msamba ulikuwa wa kupatia wafuasi. Ndoto yenyewe ilikuwa kucheza.

Kwenye lile kundi la Jumapili kulikuwa na dada mmoja, naye jina libaki hivyo hivyo. Mfupi, mkakamavu, akiinama hagusi vidole vya miguu hata umpe hela. Kila wakianza kujinyoosha, wenzake wanamtania: dada, wewe ni gogo la mwembe. Anacheka, anaendelea. Hajawahi kurekodiwa video hata moja. Lakini mpira ukianza, yeye ndiye anayeanza na ndiye anayemaliza, Jumapili kwa Jumapili, mwaka mzima.

Kijana yeye ilifika Jumapili moja akasikia kitu kama kamba imevutwa ndani ya paja, juu kabisa, karibu na manena. Alikuwa ametoka kusimama ghafla, akageuka, akasukuma mguu wa kulia. Hakupiga kelele. Akasema moyoni limekaza tu, hilo dawa yake ni kunyoosha.

Hapo ndipo alipoanza kujichimbia shimo. Asubuhi msamba, jioni msamba. Paja likiuma anashuka zaidi, akiamini anafungua fundo. Kulikuwa na duka moja la nguo lililokuwa linampa suruali na hela kidogo kwa kila video, na video bila msamba hawaitaki. Mwezi wa kwanza alikuwa anachechemea akishuka kitandani. Mwezi wa pili akipiga chafya anashika paja. Mwezi wa tatu alikuwa anarekodi akiwa ameng'ata meno, halafu kwenye kuhariri anaweka muziki juu ili sauti yake isisikike.

Mama alipopata habari akajua ni ngiri. Si unajua kwetu, mwanaume akilalamika maumivu ya huko, mtaa mzima unakuwa daktari na jibu ni moja. Zikatumwa dawa za mizizi kwa basi, kwenye chupa ya maji. Akanywa. Paja likabaki vile vile.

Aliyemwokoa ni yule dada gogo. Alimkuta amekaa pembeni ya maegesho anajifanya anafunga kamba za viatu kwa dakika ishirini. Akamwambia, "Kaka, mimi nakuona. Acha kunidanganya." Kesho yake akampeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama wa makamo anayetibu wachezaji mpira.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Nini kimekuleta?"

"Paja la ndani, daktari. Limekaza. Nafikiri sinyooshi vya kutosha."

Mama akatabasamu, akamwambia kapande kitandani. Kwanza akahakikisha si ngiri kweli na kwamba kiungo chenyewe cha nyonga hakina tatizo, kwa sababu maumivu ya manena yana vyanzo vingi na huwezi kubahatisha. Halafu akaanza vipimo, na hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu.

Cha kwanza: lala chali ukingoni mwa kitanda, kumbatia goti moja kifuani, mguu mwingine uache uning'inie. Mtu ambaye mbele ya nyonga yuko sawa, paja lake linalala kitandani. La kijana likabaki juu, hewani, kama tawi. Mfalme wa msamba, mbele ya nyonga amekaza kama mzee wa dukani! Daktari hakushangaa. Mchezaji wa viatu vya matairi anatumia muda wote akiwa amechuchumaa nusu, kiuno kimeinama, na misuli inayonyanyua paja inazoea ufupi ule. Msamba wa pembeni hauigusi sana. Kumbe alikuwa ananyoosha palipokwisha nyooka, pale palipokaza hajawahi kupagusa.

Cha pili ndicho kilichommaliza. Daktari akaweka mkono wake katikati ya vifundo vya miguu yake, akamwambia, "Bana kwa nguvu zako zote, sekunde 5. Kisha niambie maumivu ni mangapi, kuanzia sifuri mpaka kumi." Kipimo hiki wanakitumia kwa wanasoka wa Ulaya na kinasomeka kama taa za barabarani. Sifuri mpaka 2 ni kijani, cheza. 3 mpaka 5 ni njano, angalia sana. 6 kwenda juu ni nyekundu, simama.

Kijana akasema saba. Halafu akanyamaza.

Maelezo aliyopewa yanafaa kwa yeyote anayevaa viatu vya matairi, na hata kwa wewe wa mpira wa Jumamosi. Mtu anapotembea, mguu unakwenda mbele na nyuma. Kwenye matairi, mguu unasukuma pembeni. Misuli ya nje ya nyonga na ya makalio ndiyo inayosukuma. Misuli ya ndani ya paja ina kazi ngumu zaidi: mguu unapokimbilia nje, yenyewe inatakiwa iushike, iufunge breki, iurudishe katikati haraka kabla ya hatua inayofuata. Inafanya kazi huku inavutwa. Na kwenye matairi adhabu ni kubwa, kwa sababu barafuni unaweza kuteleza kiubavu ukasimama, lakini tairi linashika sakafu. Nguvu ya kusimama inarudi mguuni.

Sasa je, mwenye nyonga laini si ndiye salama? Hili watu walilipima. Mwaka 2001 Timothy Tyler na wenzake wa New York walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wachezaji wa timu moja ya NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada. Waliwapima unyumbufu na nguvu za nyonga kabla ya msimu, wakasubiri waone nani ataumia paja la ndani. Unyumbufu wa walioumia na wasioumia haukutofautiana. Kilichotofautiana ni nguvu. Mchezaji ambaye nguvu ya misuli yake ya ndani ilikuwa chini ya asilimia 80 ya ile ya nje, uwezekano wake wa kuumia ulikuwa mara 17 zaidi. Mwaka huo huo watafiti wawili wa Kanada, Carolyn Emery na Willem Meeuwisse, waliangalia wachezaji wa NHL kwa mamia, na kwao pia unyumbufu haukubashiri nani ataumia. Walioumia zaidi ni waliofanya mazoezi machache ya mchezo wao wakati wa likizo.

Ukweli ni kwamba vipimo hivyo ni vya barafu. Lakini hatua ni ile ile ya kusukuma pembeni, na paja halijui kama chini kuna barafu au lami.

Na dawa? Tyler na wenzake walirudi kwenye timu ile ile, wakawachukua waliokuwa na paja la ndani dhaifu, wakawapa mazoezi ya nguvu kabla ya msimu. Misimu miwili ya nyuma walikuwa wameumia mara 11. Misimu miwili iliyofuata, mara 3. Na mwaka 2019 Wanorwei walijaribu kwa timu za soka zoezi moja tu la kuimarisha paja la ndani, linaloitwa Copenhagen. Matatizo ya manena yakapungua kwa asilimia 41. Zoezi moja!

"Kwa hiyo msamba ni mbaya?" kijana akauliza, sauti imepungua.

"Msamba si mbaya, mwanangu. Ila wewe una mlango mpana usio na bawaba."

Akamwandikia miezi mitatu. Matairi hakuna, msamba hakuna, video hakuna. Kijana akapanda basi akarudi Nangurukuru.

Watu wakizungumzia kuumia wanazungumzia maumivu, hawazungumzii ukimya. Wiki ya kwanza simu ilikuwa inalia kila dakika, mashabiki wanauliza uko wapi. Wiki ya tatu wakaanza kuhama. Duka la nguo likamtumia ujumbe mfupi wenye heshima nyingi, halafu likamchukua mtoto mwingine wa Dar anayeruka sarakasi. Yeye yuko uani kwa mama yake, amelala chali, anabana mpira katikati ya magoti, anahesabu. Majirani wanapita wanauliza, mama fulani, huyu mwanao kapatwa na nini?

Mama alimjibu jirani mmoja kwa kifupi tu. "Anajifunza kubana. Kufungua alishajua."

Mazoezi yenyewe hayana hata mvuto wa kurekodi. Mwanzo ni kubana mpira. Kisha kulala ubavu na kunyanyua mguu wa chini, taratibu. Baada ya wiki kadhaa, ile Copenhagen kwa wanaoanza: unalala ubavu, unaegemea kiwiko, goti la juu unaliweka kwenye benchi, halafu unanyanyua mwili mzima kwa kulikandamiza benchi kwa paja la ndani. Mdogo wake wa darasa la tano ndiye aliyekuwa anashikilia benchi lisikimbie, anachaji shilingi mia kwa siku. Na kila jioni, kunyoosha pale mbele ya nyonga palipokaza, goti moja chini, kiuno kinasogezwa mbele bila papara.

Mjomba wake, mvuvi wa Kilwa Kivinje, alikuja kumjulia hali akaelezwa habari yote. Alisikiliza kimya, halafu akauliza swali la baharini: demani ya ngalawa ikiwa ndefu, ndiyo imekuwa imara? Kwa asiyejua, demani ni ile kamba inayolishika tanga lisikimbizwe na upepo. Ikiwa fupi mno, tanga halifunguki, chombo hakiendi. Ikiwa ndefu lakini imechakaa, tanga linafunguka vizuri sana, siku upepo ukija kweli inakatika na unabaki unaelea. "Wewe ulikuwa unairefusha tu," akamwambia. Kijana anasema miezi yote mitatu hakuna aliyemweleza vizuri kuliko hapo.

Kwa hiyo usikimbie na nusu ya habari ukaenda kutangaza kwamba kunyoosha viungo ni upuuzi. Mchezaji wa viatu vya matairi anahitaji nyonga inayofunguka ili hatua iwe ndefu, na mbele ya nyonga pasipokaza ili mgongo usibebe mzigo usio wake. Kipa anahitaji zaidi ya wote, kwa sababu anapiga magoti na kutupa miguu pande zote mbili kuziba goli, na nyonga isiyozunguka ndani vizuri itamlipisha mapema. Jambo ni wakati na kiasi. Kabla ya mchezo, pasha mwili kwa kusogea: chuchumaa, hatua za pembeni, kurusha miguu, kusukuma taratibu kisha kwa kasi. Kukaa umejivuta sehemu moja kwa dakika nzima na zaidi, muda mfupi kabla ya kuingia uwanjani, kunaupunguzia msuli nguvu kidogo. Hilo liache la jioni. Na kila sentimita unayoiongeza kwenye kufungua, ijengee nguvu ya kufunga.

Yule dada gogo? Hakuwa na siri. Alikulia kubeba ndoo za maji na kucheza rede, na kila Jumapili baada ya mchezo, wengine wakikimbilia kamera, yeye alikuwa anabaki nyuma anafanya hatua za pembeni na mpira wa raba kwenye magoti. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Walidhani anapoteza muda.

Kijana amerudi Dar. Kipimo cha mwisho cha kubana alisema moja, na daktari akamwambia rudia, asije akawa anadanganya kwa tamaa. Akarudia. Moja. Ameruhusiwa kuteleza dakika ishirini, mistari iliyonyooka tu, bila kugeuka ghafla. Kundi la Jumapili limeshamgawia kazi: wanataka awe kipa, kwamba kwa ile miguu makreti yote mawili atayaziba peke yake. Yeye anataka mbele, anataka kufunga magoli. Daktari amesema kipa bado, mbele bado, waongee mwezi ujao. Na wafuasi waliobaki kila siku wanauliza swali moja, msamba utarudi lini?

Ungekuwa wewe, wafuasi wanaondoka na paja ndiyo kwanza limepona, ungewajibu nini?